Fundo la Kamba ya Nailoni

Maabarani walimwita Bibi Mafundo, na yeye hakukataa. Kila aliyekanyaga chumba chao, awe mhasibu au dereva, alishikishwa kipande cha kamba na kuambiwa, "Kifunge, ukaze kwa nguvu zako zote, kisha nipe."

"Dada, kuna mtu unataka kumfunga nini?" dereva alimtania.

"Yupo," akajibu, wala hakucheka.

Mdogo wake, fundi cherehani, alikutwa chumbani kwake amenyongwa kwa kamba ya nailoni, miaka tisa kabla ya hapo. Bosi wake, mwenye duka la nguo, aliwaambia polisi hajawahi kukanyaga chumba kile. Kamba ikapelekwa maabara, ikapanguswa kwa pamba juu juu, na majibu yakaja: vinasaba havitoshi. Bosi akaja msibani, akampa mama yao pole, akala, akanawa. Dada mtu aliitazama ile mikono ikinawa, akaichukia. Akaacha ualimu, akasomea kemia, akaomba kazi kwenye maabara ile ile.

Alichokigundua kwa miezi ya kuhangaika kilikuwa hiki: mkono ukikaza kamba, chembe za ngozi hunaswa ndani ya fundo, mahali ambapo hakuna aliyewahi kupangusa. Na pamba nayo ina choyo, ikishika chembe haiziachii. Basi yeye alifungua fundo taratibu kwa kibano, akapangusa mikunjo kwa kijiti cha nailoni kilicholowa, kisha kwa kikavu, na vyote viwili akavisuuza pamoja kwa matone machache tu ya dawa ili chembe zitoke bila kuzimuliwa mno. Kamba ya dereva, iliyokuwa haitoi kitu, sasa ikamtaja dereva bila kusita.

Akaenda kwa mkuu wa maabara. "Naomba ile kamba ya mdogo wangu."

"Itapimwa," mkuu alisema. "Ila wewe hutaigusa. Ukiigusa tu, wakili wa yule bosi atatuchana mahakamani."

Ilimuuma, lakini alikubali. Alimfundisha mwenzake kila hatua, akamrudisha mwanzo mara ishirini mpaka mwenzake akaanza kumkwepa. Siku yenyewe alikaa kwenye benchi la korido tangu asubuhi hadi alasiri.

Mwenzake alitoka akivua glavu. "Vimo. Vya mwanamume mmoja, si vya mdogo wako, na vimekamilika."

Polisi wakachukua mate ya bosi kwa amri ya mahakama. Vinasaba vikaoana. Siku ya hukumu, Bibi Mafundo alikaa benchi la mbele, akahakikisha macho yake na ya bosi yamekutana. Jaji alipotamka kifungo cha maisha, yule mzee aliangua kilio. Yeye akakisikiliza mpaka mwisho, na kilikuwa kitamu.

Nje, mama yake alimshika mkono. "Yamekwisha, mwanangu. Sasa msamehe."

"Nimekusikia, mama. Siku akitoka, nitamsamehe."

Walitembea mpaka kituo cha basi, na njiani binti akahisi njaa, njaa kali, ambayo hakukumbuka ilimshika lini mara ya mwisho.