Wageni Wanakuja, Msioshe Mizizi

Safu hii naiandika nimesimama. Nimejaribu kukaa mara tatu, na mara zote nimejikuta dirishani nikitazama malori yaliyopanga foleni kuelekea mpakani, kana kwamba mojawapo limebeba jibu langu. Habari ilinifikia Jumanne asubuhi hapa Tunduma, kwa ujumbe wa simu kutoka kwa mke wa marehemu: "Shemeji, mzee ametutoka. Mazishi kesho." Marehemu hakuwa ndugu yangu, wala siwezi kusema tulikuwa marafiki wa kutembeleana. Wasomaji wangu wa siku nyingi watamkumbuka kama yule fundi wa Mbozi niliyeandika kwamba anapanda bustani juu ya maji. Niliandika habari zake mara moja. Aliniomba niandike mara ya pili, nikamwahidi, na sikuandika. Ndiyo sababu kiti hakikaliki.

Kwa wasiomjua, alikuwa fundi wa mtambo wa kumenya kahawa mbivu kijijini kwao, huko juu Mbozi. Kahawa ikishamenywa huoshwa, na maji yanayobaki ni mazito na yana utamu wa ganda, yakikaa siku mbili yananuka hadi barabarani. Miaka yote ya kazi yake maji hayo yaliachiwa kijitoni, na aliyekuwa akifungua koki ni yeye. Mama yake mzazi aliishi bondeni, akichota kijito hicho hicho. Kila msimu wa kahawa bibi huyo alipanda kilima na ndoo yake kwenda chemchemi ya upande wa pili, na hakuwahi kumwuliza mwanawe lolote. "Angenigombeza ningepona," aliniambia marehemu. "Alinyamaza, akafa amenyamaza." Alipostaafu hakwenda kukaa kivulini. Alikumbuka semina moja ya siku mbili ambayo wenzake wote waliikumbuka kwa wali na kuku, yeye akaikumbuka kwa picha ya matete yaliyopandwa juu ya vitanda vinavyoelea, mizizi ikining'inia majini na kuyasafisha. Akasema atajaribu.

Nilimfahamu akitafuta madumu. Alikuja soko letu la vyombo chakavu, akachutama mbele ya rundo la madumu matupu, akawa anafungua moja moja na kunusa. Lililowahi kubeba dawa ya shambani aliliweka kando, lililobeba mafuta ya kula alilichukua. Muuzaji, mama mmoja aliyezoea wateja wa pande zote mbili za mpaka, alivumilia dumu la kumi na mbili, kisha akashindwa.

"Mudala," akamwita, kama waitwavyo wazee ng'ambo ya mpaka, "unanunua madumu au unanunua harufu?"

"Nanunua kifuniko," akajibu bila kuinua kichwa. "Dumu bila kifuniko litazama na shamba langu."

"Shamba gani liko kwenye dumu?"

"Njoo Mbozi uone."

Yule mama alicheka, akanitazama mimi kama shahidi wa kichaa. Nami, kwa kuwa riziki yangu ni vichaa wa namna hiyo, nilimfuata Mbozi wiki iliyofuata. Nikamkuta anafunga madumu chini ya fremu za mianzi kwa kamba za katani, juu yake ametandaza nyavu kuukuu, na kwenye matundu ya nyavu anachomeka miche ya matete aliyoing'oa mabondeni. Maji ya kahawa yalipita kwanza shimoni, yakatuliza makapi na kupozwa ukali kwa chokaa, kisha yakaingia bwawani kwenye vitanda vyake kumi na moja, ndipo yakatoka kwenda kijitoni. Msimu uliofuata nilirudi. Matete yalikuwa yamefika kifuani, na wanawake wa bondeni walikuwa wanachota maji katikati ya msimu wa kahawa. Niliandika safu kwa shangwe. Nilisifia majani mabichi, nikasifia mianzi, nikasifia hata madumu. Kuhusu kilichokuwa chini ya madumu sikuandika neno, kwa sababu sikuinama kutazama.

Safu hiyo ilileta ugeni. Mnajua neno hilo lina uzito gani kwetu. Mawe ya njiani yanapakwa chokaa, nyasi zinafyekwa, choo ambacho hakijafungwa mlango mwaka mzima kinapata mlango asubuhi hiyo. Marehemu siku hizo alikuwa ameshuka Ileje kutafuta mianzi zaidi. Nyuma yake kijiji kilijitokeza kufanya usafi, kikiongozwa na mwenyekiti wa kikundi cha akina mama, mwanamke hodari ambaye hapendi uchafu hata kwenye jembe. Walivuta vitanda hadi ukingoni, wakavipindua, na wakakuta mizizi imefunikwa na ute mweusi unaoteleza. Waliona aibu kwa niaba ya mzee wao. Wakakaa chini na magunzi ya mahindi, wakasugua mzizi mmoja mmoja mpaka ukawa mweupe kama uzi. Wageni walipofika, kona ya kitanda iliinuliwa, na sote tulipiga makofi. Mimi pia nilipiga. Nilipiga na picha.

Marehemu alirudi jioni ile, akaingiza mkono majini, akapapasa. Sikumsikia akimfokea mtu. Alisema tu, "Mmewaogesha wafanyakazi mpaka wamekufa." Kisha akanieleza, nami nikiwa na kalamu mkononi kama mjinga. Ule ute ulikuwa hai. Ndani yake mna vijidudu visivyoonekana kwa macho, ndivyo vinavyokula utamu na uozo wa kahawa, mzizi ukiwa ni nyumba yao. Mzizi mweupe ni nyumba tupu. Mtambo ulikuwa ukimenya kwa kasi siku hizo, na haikupita wiki bwawa likanuka kama zamani, ng'ombe wakageuka kijitoni bila kunywa, na akina mama wakarudi kupanda kilima. Kijiji kikahitimisha kwamba madumu yameshindwa. Polepole yakaanza kufunguliwa kambani na kwenda nyumbani kuchotea maji. Vikabaki vitanda vinne.

Husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwetu mgeni huja na mwenyeji akaugua, kwa kuwa tumejifunza kumwonyesha mgeni sura, si kazi. Sisemi hayo kuwacheka akina mama wa Mbozi. Walifanya kwa upendo, na wangekuwa wavivu vitanda vingepona. Lakini nimezunguka mkoa huu, nimeona ofisi zenye sakafu inayong'aa na majalada yasiyofunguliwa, nimeona visima vilivyozinduliwa kwa utepe na pampu isiyojua maji. Tena gazeti langu lenyewe hupenda picha ya jani kuliko ya mzizi. Kazi inayotusafisha aghalabu huwa chafu na imejificha chini, na macho yetu yamefundishwa kuiona kama aibu.

Siku ile aliniomba kitu kimoja. "Mwandishi, watu wanaamini ulichoandika. Andika tena, waambie uchafu wa mizizi ndio kazi yenyewe. Nikisema mimi wanaona najitetea." Nikamwambia wiki ijayo. Wiki hiyo ilipofika mpaka ukafungwa kwa siku mbili, nikaandika mpaka. Iliyofuata bei ya mbolea, nikaandika mbolea. Misimu mitatu ya kahawa ikapita. Yeye alirudi kwenye vitanda vinne, akaongeza kimoja kimoja, akavuna matete yakikomaa ili yasiozee majini, akivizuia vitanda vyake visiguswe na mkono wowote mwema.

Jumatano nilimzika pamoja na wanakijiji wake. Mkewe aliniita kando ya jiko la msibani. Nikampa pole. Akasema, "Shemeji, alikuwa anaagiza gazeti lako Vwawa kila wiki. Anafungua ukurasa wako kwanza, anasoma mpaka chini, anakunja. Ananiambia, leo bado, labda wiki ijayo." Hakunilaumu. Alisema kama anavyosema mtu habari ya mvua, na nilitamani angenigombeza. Nyuma yake wanawake walikuwa wanamimina maji kwenye sufuria za msiba, na nikauliza yametoka wapi. Yule mwenyekiti wa kikundi, mwenye macho mekundu kwa kulia na moshi, alinijibu, "Kijitoni. Mwaka huu tunachota." Kahawa ilikuwa inamenywa tangu alfajiri, tulikuwa tunausikia mtambo.

Kisha, kabla watu hawajatawanyika, likatolewa tangazo. Kwa heshima ya marehemu, wageni watakuja Alhamisi ijayo kuona kazi yake. Wananchi wajitokeze Jumatano, kila mtu na zana yake, kufanya usafi bwawani. Nilisimama kutaka kusema, lakini sala ya kufunga ikaanza, na ilipoisha watu walikuwa wameshasambaa. Nilimwambia yule mwenyekiti mizizi isiguswe. "Wewe mwenyewe ulipiga makofi," akasema. "Tukuamini lini?"

Kawia ufike, walisema wahenga. Mimi nimekawia, na niliyekuwa namfuata ameshaondoka. Ila gazeti hili hufika Vwawa Jumatatu, na Vwawa hadi kijijini kwake si mbali, atakayelisoma na alipeleke. Nilichojifunza kwa fundi huyu ni kwamba mtu anayesafisha hubaki na uchafu mikononi, na anayemtaka awe mweupe hajui kazi yake. Kwa hiyo, mama mwenyekiti, nilikosea nilipopiga makofi. Jumatano fyekeni njia, pakeni mawe chokaa mkipenda. Wageni wakiinua kona ya kitanda wakaona weusi unaoteleza, waambieni ndiye yeye. Msioshe mizizi.