Wimbo Uliokuwa Jina Langu

Harufu ya pasi ya makaa ikipita juu ya kitambaa kilicholowa kidogo hunirudisha Nyawera, kule Bukavu, papo hapo, hata nikiinusa katika mji wa mbali. Papa alikuwa mshonaji, na kibanda chake kilikuwa nyuma ya soko, mahali ambapo wabeba mizigo hupumzisha migongo na waendesha pikipiki hungoja abiria huku wakigombana kwa furaha. Ndani mlikuwa na cherehani ya kukanyaga kwa mguu, meza ya kukatia, ile pasi, na redio kubwa iliyokuwa na kaseti za mtu mmoja tu. Mtu huyo alikuwa mwanamuziki wa Kinshasa aliyeanza kuimba kabla Papa hajaota ndevu. Mashabiki wake walimwita Vieux Sacristain, yaani Mzee Msakristia, kwa sababu inasemekana ujanani alikuwa akipiga kengele ya parokia kabla dunia haijamchukua. Kwetu alikuwa kipimo cha kila kitu. Mboga ikinoga, Maman alisema imefika sebene, yaani pale mwishoni mwa wimbo ambapo magitaa huchangamka na hakuna anayebaki amekaa. Mtu akichelewa kazini, Papa alimuuliza kama bado yuko kwenye utangulizi.

Ilikuwa desturi ya Vieux Sacristain kuzipa nyimbo zake majina ya wanawake, na ilikuwa desturi ya mashabiki wake kuwapa binti zao majina ya nyimbo hizo. Nyumbani kwetu Kasha, juu mlimani, jambo hili lilikuwa sheria: mtoto wa kike hubeba jina la wimbo ulio bora kuliko zote wakati anapozaliwa. Ndiyo maana ninaitwa Léocadie. Mdogo wangu wa kiume aliitwa Augustin, jina la mtakatifu, kwa kuwa Vieux Sacristain hakuwahi kumwimbia mwanamume yeyote, na Augustin alikua akiona kwamba ameonewa. Mimi nilitembea kichwa juu. Shuleni wenzangu waliitwa Furaha na Marie. Mimi niliitwa wimbo. Jina jema hung'aa gizani, wahenga walisema, na mimi niliamini kwamba langu lina betri.

Kibandani kwa Papa ubora wa wimbo ulipimwa kwa kazi, na kila mtu alikuwa na kazi yake. Papa alipima kwa mshono. Wimbo mzuri, alisema, huuongoza mguu ukanyage kwa utulivu na mshono ukatoka umenyooka, ndiyo maana aliutanguliza Zénobie, rumba ya polepole ambayo kwa maoni yake ingeweza kushona suruali peke yake. Tonton Déo, mdogo wake Papa, aliendesha pikipiki ya abiria na kupima kwa mlima: wimbo bora ni ule unaomfikisha mtu Kasha bila kulalamikia mashimo, kwa hiyo hakutaka kusikia habari za wimbo usio na sebene ndefu. Maman Nsimire, aliyeuza sambaza mbele ya kibanda, wale samaki wadogo wa ziwa letu, alipima kwa wateja: wimbo bora humfanya mnunuzi asahau kuchagua. Na Maman wangu alishikilia Perpétue, kwa sababu humo mwanamume anaomba msamaha mwanzo hadi mwisho, jambo ambalo alisema hajalisikia kwingine. Alisema hivyo akimtazama Papa. Mwamba ngoma huvutia kwake.

Msimu mmoja wa mvua, nikiwa na miaka tisa, Maman alijifungua mtoto wa kike, na sheria ikaanza kufanya kazi. Kitovu kilikuwa hakijakauka Papa alipotangaza kwamba mtoto ni Zénobie. Maman, akiwa bado kitandani, akajibu kwamba mtoto ni Perpétue. Ubishi ukateremka mpaka Nyawera, ukaingia kibandani, ukatoka nje kwa wabeba mizigo, ambao walianza kuchelewesha mizigo ya watu. Mimi nilingoja wautaje wimbo wangu. Sikutaka wampe mtoto, hilo halikunijia kabisa. Nilitaka heshima tu, kama mtu anayengoja kusalimiwa. Siku zikapita na hakuna aliyeutaja. Mwishowe nikauliza mwenyewe, nikiwa nimeshika utepe wa kupimia, "Papa, na Léocadie?"

Papa aliendelea kukanyaga cherehani yake, macho kwenye kitambaa. "Léocadie iko wimbo muzuri," akasema. "Lakini iko ya asubui. Mutu anaisikia wakati ananawa uso."

Tonton Déo akaona anisaidie kuelewa. "Haina sebene, Léo. Wimbo bila sebene iko kama bugali bila mboga. Unakula juu ya njaa tu."

Nilitoka nje nikalia nyuma ya magunia ya makaa. Niliona kwamba nimerudishwa darasa mbele ya watu, tena na baba yangu mzazi, kwa mtihani ambao sikujua kama unafanyika. Kama wimbo ulikuwa wa kunawia uso, basi mimi nilikuwa nani? Tangu siku ile nilikuwa na shughuli moja tu duniani: kuupandisha Léocadie mpaka nafasi ya kwanza, kwa njia yoyote, kabla mjadala haujafungwa.

Wakati huo mtoto alikaa bila jina. Tulimwita Bébé, na Augustin alimwita Ule. Papa alikuwa amemshonea gauni jeupe la ubatizo, na kifuani akatarizi Zénobie kwa uzi wa buluu. Maman alichukua wembe akafumua herufi moja moja, kisha akatarizi Perpétue. Papa naye akafumua. Waliendelea hivyo kwa adabu kubwa, bila kupaza sauti, wakiulizana habari za chumvi na makaa kama kawaida, hadi kitambaa cha kifuani kikawa chepesi kiasi cha kumwona mtoto kupitia humo. Bibi yangu alikuja kutoka Katana kumpokea mjukuu. Akaligeuza gauni lile mikononi, akauliza kama nyumba ina panya.

Habari zikafika parokiani. Padri wetu alikuwa mvumilivu lakini hakuwa malaika. Aliwaita wazazi wangu, akawaambia kwamba sakramenti haiwezi kungoja magitaa. Kwa kuwa wameshindwa kupatana, siku ya ubatizo jina litatajwa na marraine, mama wa ubatizo, na likishatajwa limetajwa. Marraine mwenyewe alikuwa Maman Nsimire. Wazazi wangu wakakubali upesi, kila mmoja akiamini kwamba Maman Nsimire ni mtu wake.

Juma lile Maman Nsimire aliishi kama malkia. Papa alimshonea blauzi mpya, na bwana harusi mmoja aliyekuwa akingoja suti akaambiwa kwamba ndoa haina haraka. Maman, mtoto mgongoni, alimbebea beseni la samaki kutoka barabarani mpaka kibandani, na hakuwa mwanamke wa kubeba beseni la mtu. Tonton Déo hakumtaka Zénobie wala Perpétue. Alimpandisha Maman Nsimire mpaka Kasha kila jioni bila nauli, sebene ikilia kutoka redio ndogo aliyoifunga kwenye usukani, kwa matumaini kwamba mlima utamshawishi kuchagua kitu chenye mwendo. Maman Nsimire alipokea yote, akatabasamu, na kila aliyemuuliza alimjibu neno lilelile, "Ninasikia." Hakuna aliyejua anasikia nini.

Mimi sikuwa na blauzi wala pikipiki. Nilikuwa na mdomo. Bandu bandu huisha gogo, kwa hiyo kila nilipotoka shule nilikaa kando ya beseni lake, nikafukuza nzi, nikautetea Léocadie kama wakili. Katika wimbo ule mwanamume amesimama bandarini akimngoja mpenzi wake anayerudi kwa mashua, na mashua imechelewa. Basi, hakuna zaidi. Nilimweleza Maman Nsimire kwamba katika Zénobie mwanamke amekimbia na mtu mwenye gari, na katika Perpétue mwanamume amekosa na sasa analialia. Ukizipitia nyimbo zote za Vieux Sacristain utakuta mtu amefanya ubaya. "Lakini mu Léocadie hakuna mwenye alikosa," nikamwambia. "Mashua njo imechelewa. Yeye anangoja, na mwanamuke iko njiani."

Maman Nsimire akaacha kupanga samaki. Mume wake alikuwa amekwenda Shabunda kuchimba dhahabu kabla mimi sijaanza shule, na watu wa soko walikuwa wameshachoka kumuuliza habari zake. Nilijua hilo kama kila mtu alivyojua, lakini sikulifikiria hata kidogo. Nilikuwa nafikiria cheo changu. "Imba tena pale pa mashua," akaniambia. Nikaimba. Kesho yake akaniomba tena, na kesho kutwa pia, na nilipoona macho yake yamelowa nilifurahi kama mwanasiasa anayenusa kura.

Jumapili ya ubatizo mvua ilinyesha tangu alfajiri, lakini kanisa lilijaa watu ambao hawakuwa na mtoto wa kubatiza. Waendesha pikipiki wa kituo cha Tonton Déo walisimama nyuma na kofia zao ngumu mikononi. Wabeba mizigo walikuja. Yule bwana harusi asiye na suti naye alikuja, nadhani ili ajue ameteseka kwa ajili ya jina gani. Papa na Maman walisimama mbele, kila mmoja ametulia kama mtu aliyeshinda tayari. Padri akamgeukia marraine, akauliza jina la mtoto. Maman Nsimire, amevaa blauzi ya Papa, alimwinua mtoto kidogo, akasema kwa sauti ya kutaja bei isiyopungua, "Léocadie."

Nilishinda. Kwa muda mfupi sikuwa na neno lingine ila hilo. Nilimtazama Papa, nikamtazama Tonton Déo, nikanyoosha shingo ili kanisa zima lione nani anaitwa hivyo. Kisha Padri akachota maji, akasema, "Léocadie, ninakubatiza," na maji yakamwagika juu ya kichwa cha mtu mwingine. Hapo ndipo akili iliponirudia. Sheria ya nyumba yetu ilisema kwamba wimbo wa kwanza ni wa mtoto mpya. Mchimba kisima huingia mwenyewe: nilikuwa nimeupigania wimbo wangu mpaka ukashinda, na uliposhinda ukachukuliwa na mtu ambaye hakuwa na hata jino moja.

"Na miye sasa?" nikauliza, kwa sauti iliyofika hadi kwa waendesha pikipiki.

Padri akanitazama juu ya miwani yake. "Jina itatosha kwenu wawili," akasema, akaendelea na mafuta matakatifu.

Papa na Maman walitazamana, na kwa mara ya kwanza tangu mtoto azaliwe wakacheka pamoja, kwa maana hakuna aliyekuwa ameshindwa na mwenzake. Aliyeshindwa nilikuwa mimi. Nyumba yenye Léocadie wawili haiwezi kuita mtu aje kula bila fujo, kwa hiyo kuanzia chakula cha siku ile niliitwa Léocadie Mukubwa, na baadaye, kwa uvivu, Mukubwa tu. Nililia sana, nikanuna, nikakataa kumbeba mtoto, kisha nikambeba kwa sababu alikuwa akinicheka usoni bila meno. Maman Nsimire walimuuliza sababu mpaka wakachoka. Jibu lake lilikuwa moja: "Mutoto wa kungojewa iko bora kuliko mutoto wa kuombewa musamaha." Mume wake hakurudi, angalau katika miaka yote niliyokaa Bukavu. Lakini kila Jumapili Maman Nsimire alimpakata mtoto wake wa ubatizo akamwimbia pale pa mashua, na mimi, pamoja na hasira zangu zote, nilimsaidia kuimba.

Siku hizi mjadala ule umehamia kwenye simu. Ukoo wetu una kundi, na humo binamu walioko Goma, Kinshasa na Ulaya huzipanga nyimbo za Vieux Sacristain kwa kidole gumba, hutumiana vicheko, na kabla maharage hayajaiva wameshahamia kwenye mpira. Mzee mwenyewe bado anaimba, ameketi kitini, sauti imekauka kidogo. Simu humwambia kila mtu wimbo gani umesikilizwa zaidi, na watu huiamini kuliko mguu wa mshonaji. Sisemi kwamba zamani tulikuwa na akili. Mtoto kukosa jina kwa ajili ya gitaa si jambo la kutambia. Nasema tu kwamba wakati ule mtu hakuusifu wimbo ovyo, kwa kuwa sifa zilikuwa na matokeo, na matokeo yalikuwa na miguu na yalihitaji kunyonyeshwa.

Mwezi uliopita mdogo wangu mwenye jina langu, ambaye sasa ni muuguzi Uvira na ana mtoto wake, naye alitoa maoni kundini. Perpétue wa kwanza, Zénobie wa pili, zikafuata nyingine nyingi, na Léocadie hakuwemo kabisa. Nilisoma mara mbili. Kisha nikampigia simu palepale, mimi mwanamke mzima, mkono mmoja kwenye mwiko. Nikamwambia kwamba kama wimbo umemshinda, basi anirudishie jina, maana mimi ndiye niliyelipigania mpaka kanisani, na Mukubwa si jina bali ni kipimo cha kiatu. Alicheka mpaka akakohoa. Aliponijibu hakuwa anacheka tena.

"Wimbo njo sipendi, yaya," akasema, akiniita kama wadogo wa Bukavu wanavyowaita wakubwa wao. "Lakini jina iko yangu. Siirudishi."

Nikamwambia basi, alishike vizuri, nikarudi kwenye sufuria yangu nikiwa na furaha kubwa kuliko ile niliyokuwa nayo kanisani kabla maji hayajamwagwa.