Dume Anayerudishwa Mnadani

Jumanne nilikuwa ofisini kwa bwana mifugo, Kahama, nikingoja kibali cha kusafirisha mbuzi wangu wawili, akaingia mfugaji mmoja na mkewe. Mke alikuwa na kichanga mgongoni. Mume, bila hata kusalimu, akagonga meza kwa fimbo.

"Dume niliyemnunua Maganzo ni mbovu! Ndama wake wote ni madume. Namrudisha mnadani."

"Labda tatizo ni majike wako," bwana mifugo akamchokoza.

"Majike ni wale wale! Kwa dume yule wa zamani walinizalia mitamba kila mwaka. Mbegu ni ya dume, bwana. Hata babu yangu asiyejua kusoma alilijua hilo."

"Kweli, mbegu ya dume ndiyo inayoamua," bwana mifugo akakubali, "ingawa yenyewe ni bahati nasibu tu. Na huyo wa mgongoni ni wa kiume?"

Mume akasonya. "Binti tena, wa sita! Tumbo la huyu mwanamke halijui watoto wa kiume. Tukishavuna, namrudisha kwao."

Mama yule akakaza kanga iliyombeba mtoto, akatazama sakafu. Bwana mifugo, aliyesomea mambo ya mbegu chuoni, akajitia kutafuta mhuri. Na mimi, mwenye mdomo wa kujaza safu hii kila wiki, nikanyamaza. Aibu hiyo inaniwasha mpaka leo.

Basi niulize sasa. Dume wa zizini anarudi mnadani. Huyu wa nyumbani tumrudishe wapi?