Vidole Vitatu kwenye Mchanga

Laga, ule mto mkavu karibu na Habaswein, ilinuka vumbi na mkojo wa mbuzi hata alfajiri. Msimu ule kaka yangu alipelekwa shule Garissa, nami nikaachiwa mbuzi peke yangu. Nilizungumza nao mchana kutwa, nikirudi nyumbani sauti imenikauka, mama akadhani nina homa. Mtafiti mmoja kutoka bara, Mutua, alipopiga hema ukingoni mwa laga, nilihamishia malisho huko, ingawa majani yalikuwa haba.

Mutua alikuwa amechimbua mfupa wa mguu wa ndege, mrefu kama mkono wangu, mnene, uliogeuka jiwe. Ncha ya chini, pale vidole vinapoungana na mguu, ilikuwa imekatika, na bila ncha hiyo hakuweza kusema ni ndege gani. "Ni gorayo, adeer," nilimwambia, nikimwita ami kwa heshima; gorayo ndivyo tunavyomwita mbuni. Akacheka. "Profesa wa mbuzi! Lete ushahidi." Tukachekecha mchanga siku nyingi, tukinywa chai yake ya rangi. "Kwenu ng'ombe wote wamekufa?" nilimtania, naye akaniongezea sukari.

Ncha ile niliiona mimi. Sisi humjua hata ngamia wa jirani kwa nyayo zake, basi bila kufikiri nililowesha mchanga, nikaikandamiza. Vikatokea vishimo vitatu, kimoja kwa kila kidole. Mbuni ana vidole viwili tu.

"Adeer, huyu si gorayo!"

Mutua alipiga magoti, akatazama, kisha akanikumbatia. Ndege mkubwa namna ile mwenye vidole vitatu, alisema, hatembei tena popote nchini. "Kesho nampeleka Nairobi, nimlinganishe na mifupa iliyoko kule."

"Kwani lazima uende?"

"Jina lake halipatikani hapa, kijana."

Asubuhi niliwapeleka mbuzi nyuma ya kilima. Honi ya gari lake ikalia, ikanyamaza, ikalia tena. Nilijua ananingoja tuagane. Nilikaa palepale, nimenuna, mpaka vumbi la gari likatua. Hakuna aliyenizuia, kosa lilikuwa langu.

Sasa naishi Garissa. Wajukuu hupigiana simu kutoka chumba hadi chumba. Mmoja, nilipomsimulia haya, aliniambia, "Awoowe, nipe jina la huyo mtu, nimtafute sasa hivi." Nilimjibu nimelisahau. Ningependa sana kujua yule ndege alipewa jina gani, ila siwezi kuliuliza bila kuuliza pia kama Mutua yu hai.