Siku Nafula Alipomsema Madam kwa Sauti Yangu

Hii kitu sijaambia watu wa kanisa letu, na nyinyi nawaambia kwa sababu mtaiskia tu mahali, afadhali muiskie kwangu mimi niliyeaibika. Nilimsema vibaya mwalimu wa mtoto wangu mbele ya ukumbi mzima wa wazazi, na maneno yenyewe hata hayakutoka kwa mdomo wangu.

Nafula wangu ana miaka saba na ana usonji. Zamani akitaka kitu alikuwa anakushika mkono anakuburuta mpaka kwa hicho kitu, na ukikosea kujua anataka nini anaanza kujigonga kichwa (na mimi nilikuwa nakosea sana, maana nikimaliza kuuza mandazi hapa Mashimoni akili yangu huwa imeisha). Kila Jumanne na Alhamisi nampeleka Kawangware, kuna kituo kidogo ndani ya ukumbi wa kanisa, na mwalimu wake anaitwa Madam Rispa. Huyo ndiye alitufunza mambo ya video. Alituambia watoto wengine kama wetu wakiona kitu kwa simu wanakishika haraka kuliko kuambiwa, kwa hivyo turekodi nyumbani mtu anainua kikombe, anasema "naomba maji," anapewa, anakunywa, basi. Mtoto aione kila siku, halafu mnajaribu na kikombe chenyewe.

"Iwe fupi," alisema. "Ikipita nusu dakika, kata."

Hapo kwa kukata ndipo nilipojiharibia.

Siku ya kurekodi nilikuwa nimechoka mpaka mifupa. Nikaegemeza simu kwa mkebe wa mafuta, nikainua kikombe, nikasema naomba maji na sauti kama ya mtu anasoma habari redioni, nikajipa mwenyewe, nikanywa. Kabla sijazima, jirani yangu Mama Tito akaingia kuomba chumvi, akaniuliza ni nini hiyo nafanya, na mimi nikakaa kwa kitanda nikaanza kulalamika. Kukumbuka simu, dakika nne zimepita na bado inarekodi. Nikasema nitakata jioni. Jioni nikasema kesho. Nafula naye akawa ameshaanza kuiangalia, na ukimnyang'anya simu atalia mpaka majirani wote wa ploti wajue, kwa hivyo nikamwachia. Wiki tatu. Alikuwa anatulia akiangalia, mimi naosha vyombo, siku nyingine hata napata usingizi kidogo, na sikujiuliza ni sehemu gani anaangalia.

Ikafika siku ya wazazi, ile kila mtoto anaonyesha amefika wapi. Baba mmoja kutoka mtaa wa Raila alienda mbele na msichana wake, mtoto akasema "mpira," akapewa, tukapiga makofi. Halafu sisi. Nilimpa Nafula kikombe. Madam akainama mbele yake na jagi, akauliza polepole, "Nafula, unataka nini?"

Nafula akaangalia kikombe. Halafu kwa mdomo wake ikatoka sauti yangu, nawaambia ukweli, ni yangu, na ile kuvuta maneno kwa uchovu.

"Madam anajua nini? Hata mtoto hana. Aje akae na huyu wangu siku moja, arudi kwao akilia."

Akabadilisha sauti, akawa Mama Tito. "Wacha tu, Mama Nafula. Wacha tu."

Mtu alicheka huko nyuma, akajizuia. Madam alikuwa bado ameshika jagi. Mimi badala ya kusema samahani, nikadanganya. Nikasema hiyo ni ya tivi, kuna kipindi jirani huangalia. Na Madam akaniamini (yeye ni mtu mzuri, hiyo ndiyo shida), akasema basi tuweke video yake ya maji kwa tivi ya ukutani, pengine akiiona atakumbuka. Nilikuwa natafuta uongo wa pili, ati simu imezima, lakini ilikuwa mkononi inawaka. Akaichukua, akaichomeka waya wa tivi. Nafula alipoona simu yake alifurahi, akaja akabonyeza mwenyewe, na hakuweka sehemu ya maji. Aliruka moja kwa moja mpaka sehemu yake.

Ndiyo wazazi wote wakaniona kwa kioo kikubwa cha tivi nimekaa kwa kitanda, kitambaa cha kichwa kimeenda upande, najikuna mguu, nasema yale maneno yote, halafu nasimama naiga venye Madam hutembea. Nafula alikuwa anasema pamoja na mimi, neno kwa neno.

Madam alichomoa waya. "Tuendelee," akasema. "Mzazi mwingine."

Watu walipoenda nilibaki nikikunja viti. Nikamwambia, "Madam, nisamehe. Na hiyo ya tivi nilidanganya."

Alipanga viti viwili kabla hajajibu. "Mtoto sina, ni kweli. Tumejaribu miaka mingi. Imeniuma, sitakuficha."

Akachukua simu yangu, akaangalia mwanzo wa ile video, mahali naomba maji.

"Lakini Mama Nafula, umeskia amesema maneno mangapi? Mimi hajawahi kunipa hata mawili pamoja." Akaniangalia. "Ile ya maji unaongea kama mgeni. Hii nyingine ni wewe mwenyewe, ndiyo maana ameishika. Rekodi tena, ongea venye unaongea ukiwa umechoka. Lakini maji peke yake."

Tulitembea na Nafula kutoka Kawangware mpaka nyumbani, na njia yote aliwaambia wauza parachichi na watu wa boda hata mtoto hana, hata mtoto hana, na mimi sikuwa na nguvu ya kumnyamazisha.

Ile video niliifuta. Alilia siku mbili akiitafuta. Nikarekodi nyingine, fupi, bila sauti ya redio. Ilichukua zaidi ya mwezi, na kuna siku nilitaka kuacha. Halafu mchana mmoja nikiwa naosha karai la unga akaja, akanisukumia kikombe kwa tumbo, akavuta pumzi ndefu kama mtu amefua nguo za mtaa mzima, akasema, "Naomba maji."

Nilimpa. Mikono yangu ilikuwa na unga, kikombe kikachafuka, akanywa hivyo hivyo.

Siku hizi nikirekodi naangalia mpaka mwisho ndiyo nampa, hata kama macho yanafunga. Na kusema watu nimeacha, angalau ndani ya nyumba. Madam alinisamehe, anasema yaliisha, na tunaongea vizuri. Mimi ndiye bado siwezi kumwangalia machoni kwa muda mrefu.