Asilimia Chini ya Kidole Gumba

Mshauri wa hisa wa pale Gimli, mji mdogo wa Kanada, huchonga penseli kwa kisu cha mfukoni, na sauti yake haipandi hata soko likiporomoka. Ukimpa karatasi ya hisa, kwanza huziba asilimia ya gawio kwa kidole gumba, ndipo husoma mengine. Jumanne hii aliletewa hisa ya asilimia kumi na saba na Bi Sigrun, mjane aliyeapa kwamba hakuna atakayesikia wanawe wakimlipia bili za nyumba.

"Mama, hii ni moja ya hisa pacha za mfuko mmoja," alisema, gumba likiwa mahali pake. "Mwenzake hulipwa kwanza, asilimia tano, huyu hula kilichobaki. Thamani ya wote wawili ikishuka chini ya dola kumi na tano, huyu hapati kitu."

"Na sasa?"

"Kumi na tano na senti arobaini."

"Wewe unazo?"

Masikio yalimwiva. "Ninazo. Mwaka jana miezi mitano sikuonja hata senti."

"Na tai yote hiyo shingoni!" Bi Sigrun alicheka mpaka akafuta macho. "Basi niandikie huyo anayelipwa kwanza. Asilimia tano zake zinanitosha. Na hiyo miezi mitano yako, mwanangu, haitatoka kinywani mwangu."