Chipsi za Kufuta Uongo

Kwetu, karibu na Modogashe, presha ilijulikana kuwa ugonjwa wa matajiri wenye vitambi. Kwa hiyo iliponishika nikiwa kidato cha pili, bweni zima lilicheka. Msichana mwembamba kama fito, baba yake anachunga ngamia wa watu, ati ana presha! Wakanibandika jina, Tajiri. Kichwa kilichogonga usiku kucha nilikizoea, jina hilo sikulizoea kamwe.

Mwenzangu mmoja darasani, binti wa mfanyabiashara wa mifugo, alikuwa nayo pia. Yeye hakuchekwa. Lori la babake lilimletea mitungi ya maji ya mto kutoka Garissa, na sisi wengine tulikunywa ya kisima, yenye chumvi hata sabuni haitoi povu. Presha yake ikashuka. Yangu ikakataa hata kwa dawa za zahanati, na mwalimu mkuu akanituma hospitali ya Garissa. Alisema isiposhuka nifunge sanduku niende kwetu, maana hataki mtoto wa watu amfie bwenini.

Mama yangu ndiye aliyenipeleka. Hooyo, ndivyo tunavyomwita mama. Daktari alikuwa kijana wa Nairobi. Alinifunga ule mkanda mkononi, akaujaza upepo, akapima, akarudia, akakunja uso. Akauliza ninalishwa nini chenye chumvi. Soseji? Chipsi? Mkalimani nilikuwa mimi, lakini neno chipsi hooyo alilielewa mwenyewe. Kwenye benchi nyuma yetu walikaa wanawake wawili wenye dhahabu, wakisikiliza. Nikamwona hooyo akinyoosha mtandio wake.

"Anakula chibsi, daktari," akasema kwa Kiswahili chake. "Baba yake anabenda yeye sana. Kila siku chibsi."

Nilitamani ardhi inimeze. Sikuwa nimewahi kuonja chipsi maishani. Daktari akamkemea, kwamba nyinyi wenye uwezo mnaua watoto kwa anasa, na hooyo akainamisha kichwa akipokea kila neno. Wallahi, alionekana kama mtu anayesifiwa. Ningesema ni maji, daktari angeniuliza kwa nini sinywi mengine, kana kwamba mengine yalikuwa yananingoja nyumbani. Akaniambia niache chipsi, niendelee na dawa ile ile, nipimwe tena baada ya mwezi, na yote hayo akayaandika kwenye barua ya mwalimu mkuu.

Nje, hooyo alitembea haraka akinong'ona astaghfirullah. Uongo ulimkereketa kuliko njaa. Tulipofika kwenye hoteli moja karibu na soko la mbuzi, akaingia, akanunua sahani moja ya chipsi kwa pesa ya chakula chetu cha safari. Akainyunyizia chumvi kwa mkono wake, kama alivyoona wengine wakifanya.

"Kula, hooyo," akaniambia kwa Kisomali, akiniita kwa jina lake mwenyewe kama mama zetu wanavyofanya wakitupenda. "Nisiwe nimesema uongo."

Nilikula, yeye akanitazama. Niliona haya kwa ajili yake, na kwa ajili yangu, na bado sikubakisha hata kipande. Nikalamba chumvi vidoleni. Zilikuwa tamu, na hilo pia linaniaibisha.

Mwezi ukaisha, presha haikushuka. Siku niliyofunga sanduku, mwalimu mkuu aliwaonya wenzangu paredini wasiwe kama mimi, niliyepoteza masomo kwa ulafi wa chipsi. Hooyo alikuwa langoni, amekuja kunichukua. Kiswahili hakujua sana, lakini neno hilo alilielewa.